Mto Sabaki ukifurika: namna ya kugawa chakula bila ugomvi

Mwaka 2018 Sabaki ulipofurika ukasomba mashamba ya Magarini, Kilifi, pwani ya Kenya, nilipewa daftari chini ya mwembe wa shule, nikaambiwa niandike majina. Nikaandika wanaume, maana ndio waliotangulia na vitambulisho mkononi. Mzee mmoja alikuwa na wake watatu, kila mke na mafiga yake. Gunia likaishia kwa bi mdogo. Bi mkubwa akaja akasimama mbele yangu na sufuria tupu, asiseme neno. Tangu siku ile naandika mafiga.

Kwa hivyo muulize kila mama: "Wapika mwenyewe? Wanaokula chunguni mwako ni wangapi?" Andika jina lake, idadi ya walaji na kijiji alikotoka. Kitambulisho usikikazanie, vingi vimekwenda na maji. Kaa na mzee wa kijiji na kina mama wawili wanaojua watu mlango kwa mlango, wao ndio watakaomtambua kila mama. Kisha soma orodha kwa sauti kabla lori halijafika. Ukitaja jina hewa, watu watakucheka papo hapo, nawe ulifute.

Kiwango kinachofuatwa na wengi kwenye misaada ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Gramu 400 za nafaka, 60 za maharagwe au pojo (choroko), 25 za mafuta, na chumvi kidogo hukaribia hapo, kama kilokalori 1,850. Watu watano kwa wiki mbili: unga kilo 28, maharagwe kilo 4 na kidogo, mafuta lita 2. Mtoto naye ni mtu mzima hapa, usimpigie nusu.

Ila siku za mwanzo hayo yote ni mzigo kwa mtu asiye na sufuria. Peleka mkate na tende, au upike uji pale pale. Hata baadaye mimi huchagua pojo, kwani maharagwe hukaa motoni muda mrefu na kuni zote zimelowa. Unga pia ni bora kuliko mahindi ya punje. Nani atakwenda kusaga, na njia imekatika?

Sasa kipimo. Hapa ndipo watu huibiwa. Gorogoro nzima, lile kopo la kupimia nafaka, huchukua kama kilo 2 za mahindi, na unga hupungua hapo, lakini zipo zilizogongwa kitako kikaingia ndani. Kwa nje huoni kitu. Tia mkono, papasa chini, kisha mimina kwenye mzani watu wakiona. Bandika mgao kwenye shina la mwembe, na uchore pia: gorogoro za unga kadiri mzani ulivyoonyesha, chupa 2 za mafuta. Asiyejua kusoma atahesabu michoro.

Anza saa moja asubuhi. Wajawazito, wazee na walemavu wawe na foleni yao, na vijana wa kuwabebea uwapange mapema, la sivyo mwenye bodaboda atadai nusu ya mafuta kuwa nauli. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyolowa usigawe hata yakianikwa yakakauka. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa jua.

Weka magunia mawili kando. Magharibi hivi, daftari limeshafungwa, watakuja wengine wamepakata watoto, matope mpaka magotini.