Gari linamisi na kukosa nguvu mlimani? Pima presha ya mafuta kabla ya kununua pampu

Gari likimisi (silinda kuruka kuwaka) kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, na kukata pumzi mlimani, wengi hapa Mbeya hukimbilia Mwanjelwa kununua pampu. Funga kwanza geji ya presha ya petroli. Pampu ni ghali, na mara nyingi iliyomo ni nzima.

Gari kuwa zito kidogo tu mlimani si ugonjwa. Mji wetu uko mita kama 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Ila mwinuko haumisishi gari.

Injini za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ziache: presha ya reli yake (bomba linalogawia nozeli petroli) ni kubwa mno kwa geji hii, tena ni ya hatari.

1. Plagi na koili. Injini ikiwa sailensa, chomoa soketi za koili moja moja. Ukipata silinda ambayo hata ukiichomolea mlio haubadiliki, hangaika na hiyo. Presha ikishuka, kwa kawaida zote huteseka pamoja.

2. Toa presha. Injini ikiwa imepoa, chomoa relei ya pampu, washa mpaka izime yenyewe, piga stata kidogo, kisha toa waya hasi wa betri. Kizimamoto kiwe karibu. Mvuta sigara aende nje ya geti. Zungushia kitambaa kwenye maungio, fungua, weka geji kwa tii (kiungio cha njia tatu) kabla ya reli.

3. Soma kwenye sailensa. Rudisha relei na betri, washa, kagua kama pana kuvuja. Injini ya 1NZ-FE, ile ya Toyota IST, inataka psi 44 hadi 50. Nyingine fuata kitabu chake. Zenye paipu ya kurudisha mafuta tangini, chomoa mpira wa vakyumu kwenye regulata (kidhibiti presha): sindano ipande psi 7 hadi 10. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, regulata imepasuka.

4. Lipandishe mlima. Mafundi wengi huishia hatua ya 3, na ndipo wanapokosea, kwa sababu kwenye sailensa injini hunywa kidogo na hata pampu iliyochoka hutosheleza. Pitisha mpira wa geji nje ya boneti, ufunge chini ya waipa, kamwe usiuingize ndani ya gari. Panda barabara ya Chunya kwa gia nzito, mwenzako akisoma geji. Psi 46 ikibaki 46, achana na mafuta, tafuta kwingine. Ikiteremka hadi 30 kadiri unavyokanyaga, mafuta hayafiki.

5. Umeme kabla ya pampu. Inua siti ya nyuma, pima volti kwenye soketi ya pampu injini ikiunguruma. Betri ina 14, pampu inapata 11? Tafuta waya, relei au athi iliyooza. Umeme ukiwa mzima, toa pampu uangalie chujio la tangini. Magari yanayonyweshwa petroli ya madumu hujaa tope pale. Chujio likiwa safi, sasa kanunue pampu.

6. Zima, subiri dakika 5. Kwa 1NZ-FE, presha isishuke chini ya psi 21. Ikishuka, ndiyo maana asubuhi za baridi za Juni unapiga stata mpaka betri inalia. Jaza presha tena, zima, bana mpira wa kupeleka mafuta kati ya tangi na geji, wa mpira tu, si wa plastiki. Sindano ikitulia, vali ya pampu inarudisha mafuta tangini, au regulata iliyo ndani ya tangi inapitisha. Ikiendelea kushuka, nozeli inadondosha au regulata ya kwenye reli inapitisha.