Kabla ya Kusakinisha Programu Moja Katika Kompyuta Zote za Ofisi

Fundi akifika ofisini na flashi moja, akaweka programu zilezile katika kompyuta kumi kwa asubuhi moja, kazi huonekana imekwisha, ilhali kwa upande wa leseni huenda ofisi haina haki ya kutumia hata nusu yake. Unapolipia programu unapata ruhusa ya kuitumia kwa masharti, na sharti la kutafutwa kwanza katika mkataba, ule ambao wengi wetu huukubali bila kuusoma, ni kinachohesabiwa: kompyuta, mtu, au watumiaji wa wakati mmoja.

Anza na Windows, penye mkanganyiko mkubwa zaidi. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani, yaani OEM, hubaki na mashine hiyo hadi mwisho wake, wakati ile iliyonunuliwa peke yake dukani inaweza kuhamishwa, mradi iondolewe katika kompyuta ya zamani. Ili kujua uliyo nayo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri slmgr /dli, bonyeza Enter, kisha tafuta katika maelezo neno OEM, RETAIL (ya dukani) au VOLUME. Hilo la mwisho ni la leseni za jumla za mashirika. Ukilikuta katika kompyuta ya mtumba uliyouziwa bila karatasi yoyote, shuku kwamba ufunguo, yaani msimbo wa kuiamilisha Windows, ni wa taasisi nyingine au umepatikana kwa ujanja. Windows kukuandikia kwamba imeamilishwa hakuthibitishi kwamba una leseni.

Office 2024 ya kulipia mara moja ni ya kompyuta moja tu. Microsoft 365 huhesabu watu: ile ya Family hutosha watu 6, kila mmoja na vifaa 5 kwa wakati mmoja, lakini ni ya matumizi binafsi, na kuigawa kwa wafanyakazi ni kuvunja mkataba hata kama idadi haijapita. Adobe nayo humruhusu mwenye akaunti ya Creative Cloud, yaani programu zake za picha na usanifu, kuiwasha katika kompyuta mbili, asizitumie kwa pamoja.

Neno "bure" nalo lisomwe kwa makini. TeamViewer, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali nayo, ni bure kwa matumizi binafsi, si ya biashara. LibreOffice, inayofanya kazi kama za Office, ni bure kwa yeyote, katika kompyuta zozote, ofisini pia.

Weka daftari lenye jina la programu, aina ya leseni, kompyuta au mtu aliyepewa, na mahali risiti ilipo, kwa kuwa sheria za hakimiliki za Tanzania ya 1999 na Kenya ya 2001 zote hulinda programu za kompyuta, na anayedai ana leseni ndiye atakayetakiwa kuionyesha. Mfanyakazi akiondoka, mwondoe katika akaunti siku hiyohiyo ili nafasi yake ipewe mwingine. Kompyuta zitakazobaki bila leseni ziwekewe LibreOffice, ila fungua kwanza nyaraka zenu zenye majedwali mengi mwone kama mpangilio wake haujavurugika.