Namna Ninavyoipima Yoti ya Matanga ya Safari Ndefu

Nikiitwa kuitazama yoti, siingii ndani kwanza. Mito laini na mbao zilizong'arishwa humfanya mnunuzi aisahau bahari. Mimi huomba chombo kipandishwe nchi kavu, nikachutama chini yake.

Mkuku, yaani uti ulio chini ya chombo, ukiwa mrefu na kukaribia kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), hukifanya chombo kishike njia na huulinda usukani, ila kukirudisha nyuma bandarini ni taabu. Mkuku mfupi wenye kina hubisha (huukabili upepo kwa mshazari) vizuri zaidi na hugeuka upesi. Hapo napitisha kidole mahali mkuku ulipoungana na tumbo la chombo: nikikuta ufa au michirizi ya kutu, sizungumzi bei mpaka boliti zichunguzwe. Kisha naushika usukani kwa mikono miwili na kuutikisa. Ukichezacheza, bushi zinazoshika mhimili wake zimelika.

Hesabu ni chache. Yoti ya tani 6 yenye farumi (uzito wa chini wa kukituliza chombo) ya tani 2.2 imebeba asilimia 37 hivi ya uzito wake kama farumi, kiasi ninachokipenda, hasa farumi hiyo ikiwa chini kabisa ya mkuku. Kwa mwendo, chukua urefu wa chombo kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, uzidishe kwa 2.43. Mita 9 hukupa noti 7.3 (noti ni maili ya baharini kwa saa), na kwa chombo kizito hapo ndipo penye mwisho wake wa kawaida. Upana nao nautazama kwa hofu ya haki. Katika mashindano ya yoti ya Fastnet ya 1979 dhoruba iliua mabaharia 15 wa mashindano, na tangu hapo upana na wepesi hupimwa pamoja, kwa kuwa yoti pana na nyepesi ikipinduka huweza kukawia kujiinua. Kwa bahari kuu nataka chombo kinachoweza kujiinua hata kikilazwa nyuzi 120.

Sasa twende majini, upepo ukiwa noti 15 hadi 20. Siku ya shwari sitoki, maana kila chombo ni kitulivu siku hiyo.

Nabisha, nikiushika mkono wa usukani kwa vidole viwili. Chombo kizuri huvuta kidogo kutaka kuuelekea upepo, nami nakizuia kwa nyuzi 3 au 5 tu za usukani. Nikiuachia, kigeuke polepole hadi matanga yapigepige. Kikigeuka kuukimbia upepo, sikitaki, kwa sababu baharia akiteleza usiku chombo kitamkimbia. Kikivuta hadi nihitaji mikono miwili, sikihukumu bado: nalegeza demani, yaani kamba inayolidhibiti tanga kuu, kisha napunguza tanga lenyewe. Kikizidi kuvuta hata hapo, natazama kama mlingoti umelazwa nyuma mno, au matanga yamechakaa na tumbo lake limehamia nyuma. Niliwahi kuongoza yoti ya tezi pana ambayo kila upepo ukivuma ghafla ililala, usukani ukatoka nusu majini, na omo ikageuka yenyewe. Saa sita sikuweza kuuacha usukani hata kunywa maji. Tangu siku hiyo hiki ndicho kipimo ninachokipa muda mwingi kuliko vyote.

Chombo kikiwa bado kimelala, nashuka ndani. Natembea kutoka ngazi hadi omo kwa mkono mmoja, nikihesabu mara ngapi nimekosa pa kushika. Nalala kwenye kitanda cha upande wa juu: bila kitambaa cha kunizuia, naanguka. Naweka sufuria yenye maji nusu jikoni. Jiko lisiloning'inia sawasawa litayamwaga.

Mwisho nakisimamisha chombo baharini: tanga la mbele limevutwa upande wa upepo, tanga kuu limepunguzwa, usukani umefungwa kuelekeza omo kwenye upepo. Nakaa dakika 20. Omo ikitulia pembeni mwa upepo na chombo kikasogea taratibu, nikaona maji yamelainika upande mawimbi yanakotokea, hapo ndipo namwambia mnunuzi aliyeniita kwamba tunaweza kuzungumza bei.