Uchachu wa Udongo na Metali Nzito katika Mboga za Majani

Wakulima wa mchicha na matembele katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, humwagilia maji yanayopita kwenye viwanda na makazi, kwa hiyo wana kila sababu ya kuhofia risasi na kadimiamu, metali nzito zenye sumu. Hata hivyo, mizizi haifyonzi metali yote iliyomo ardhini. Hufyonza ile iliyoyeyuka katika maji ya udongo, na kiasi hicho huamuliwa na hali ya udongo wenyewe.

Jambo lenye nguvu kuliko yote ni uchachu. Hupimwa kwa pH, ambapo namba ndogo ina maana ya uchachu zaidi. Udongo unaposhuka kutoka pH 6.5 hadi 5.5, uchachu wake huongezeka mara kumi, na kadimiamu iliyokuwa imeshikwa na chembe za mfinyanzi na mboji huachiliwa. Inasikitisha kwamba mara nyingi mkulima mwenyewe ndiye anayeuchachusha udongo bila kujua, kwa kuweka mbolea ya SA (salfeti ya amonia) msimu hadi msimu kwa sababu hunawirisha majani haraka. Anayelima kando ya mto uliochafuka ni heri atumie mbolea ya CAN (naitreti ya amonia yenye kalisi), kisha apime pH na kuweka chokaa hadi ifike kati ya 6.5 na 7, akikumbuka kwamba mfinyanzi huhitaji chokaa nyingi kuliko kichanga.

Samadi iliyooza vizuri hushika risasi na shaba kwa nguvu, mradi isitoke kwenye jalala lililochanganyika na betri na rangi. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni ya kawaida karibu na pwani, huongeza hatari, kwani kloridi iliyomo kwenye chumvi hujifunga na kadimiamu na kuibakiza katika maji ya udongo, tayari kufyonzwa.

Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, haifuati kanuni hii ya uchachu. Katika jaruba la mpunga lililofurika muda mrefu hewa huisha udongoni, oksidi za chuma zilizoishika huyeyuka, nayo huachiliwa. Chokaa haiwezi kuizuia. Kwa hiyo ni lazima kujua kwanza ni metali ipi iliyopo.

Chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu kumi au zaidi za shamba, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, wala si ya bati, kwa kuwa bati huacha zinki kwenye sampuli, kisha uupeleke maabara ya udongo, kama ile ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga. Majibu yakionyesha kadimiamu nyingi, acha mboga za majani na upande mahindi, ambayo punje zake hukusanya kidogo zaidi. Kuosha mchicha huondoa vumbi lenye risasi lililoganda juu ya jani, lakini kadimiamu iliyokwisha kuingia ndani haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.