Namna ya Kutumia Kitenzi "Get" cha Kiingereza

Anayejifunza Kiingereza asikariri "get" kwa maana ya kupata tu, kwani maana yake huamuliwa na neno linalokifuata. Kikifuatwa na nomino, kama katika "get a letter", ni kupata au kupokea. Kikifuatwa na mahali, kama "get home", ni kufika. Uangalifu zaidi unahitajika kinapofuatwa na kivumishi, maana hapo huonyesha hali inayobadilika: "I am tired" ni nimechoka, ilhali "I am getting tired" ni naanza kuchoka. Nayo "I got my hair cut" humaanisha kwamba msemaji alinyolewa na mtu mwingine, si kwamba alijinyoa.

Mafungu kama "get up", yaani kuamka, na "get over an illness", yaani kupona, ni afadhali yakaririwe mazima, kwa kuwa kuyachambua neno kwa neno hakusaidii sana.

Wakati uliopita ni "got". Baada ya "have", Waingereza hutumia "got" na Wamarekani aghalabu "gotten". Hata hivyo, Mmarekani mwenye gari husema "I've got a car", kwani "I've gotten a car" kwake ni kusema amelipata.