Mazoezi ya akili kwa ndugu mwenye skizofrenia: anza na safari ya sokoni, sio gemu ya simu

Watu wengi huku Uganda wakisikia skizofrenia, huu ugonjwa wa akili, wanafikiria kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii na kuongea peke yake basi, lakini muulize mama anayekaa na mgonjwa nyumbani, atakwambia sauti zilishapungua, sindano ya dawa anachoma kila mwezi, shida iliyobaki ni kwamba ukimtuma sukari na sabuni analeta sabuni tu, anaanza kufua anaacha nguo kwa beseni, na nyumba nzima inasema huyu ni mvivu. Sio uvivu jamani. Ugonjwa wenyewe unagusa kumbukumbu, umakini, kasi ya kufikiri na kupanga mambo, na dawa za kutuliza sauti hazifiki sana huko.

Mazoezi ya akili, yaani ya kujenga kumbukumbu, umakini na kupanga, yanasaidia kiasi, sio miujiza. Mwaka 2021 watafiti walikusanya tafiti 130 zenye watu zaidi ya 8,000, wakaona yanafanya kazi vizuri zaidi kukiwa na mtu aliyefundishwa wa kuongoza, mgonjwa akijengewa mbinu, na yakiunganishwa na msaada wa kurudi kwenye kazi na maisha ya kawaida. Kwa hiyo kumpa simu abonyeze gemu peke yake pale kwa kona, mi naona ni kumaliza bando tu. Ukiweza, uliza Butabika, hospitali kuu ya akili pale Kampala, au kitengo cha akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama kuna mtu wa kuwaelekeza, halafu nyumbani mnaendelea.

Kabla ya kuanza angalieni dawa. Artane, ile tembe ya kuzuia kutetemeka na kukakamaa, inaweza kuzidisha usahaulifu, na wengine wanaimeza miaka bila mtu kuuliza kama bado wanaihitaji. Usimkatie mwenyewe, shingo inaweza kukakamaa, wewe muulize daktari. Bangi na pombe kama waragi nazo zinaweza kurudisha akili nyuma.

Sasa zoezi lenyewe. Muulize yeye anataka nini, usimchagulie. Tuseme anataka kwenda sokoni mwenyewe. Anza na vitu viwili, rahisi mpaka hawezi kukosea, na usimtege na "haya, nilikwambia nini?" maana akibahatisha vibaya lile kosa ndio linakaa kichwani. Mwambie "nyanya na vitunguu", arudie kwa sauti, halafu kwa kunong'ona, halafu kimoyomoyo, kisha aende kwa meza uliyopanga vitu achukue. Ikikaa vizuri ongeza cha tatu, ongeza redio iwe na kelele kidogo, mfundishe kupanga kwa makundi, vya kupika huku na vya kufulia kule, kuhesabu kwa vidole, au kuandika kwa daftari, ndiyo, kuandika ni mbinu halali kabisa, hata wewe namba za watu umeziweka kwa simu. Siku ya sokoni mfuate nyuma kidogo tu, usimtangulie.

Akirudi, muulize: ni mbinu gani imekusaidia? Hapa watu wengi wanaparuka na ndio pa maana kuliko vyote, sababu akijua mwenyewe kilichomsaidia ni kurudia au kuandika, ataweza kukitumia na kwa dawa zake, kwa chenji ya boda, hata kazini.

Omweso, ule mchezo wa bao, pia ni mzuri kwa kupanga: kabla ya kugusa kete aseme anaanzia shimo gani na anadhani itaishia wapi. Mchezo wa karata unaoitwa Matatu unafundisha kubadilika haraka aina ya karata ikigeuka. Lakini mkimaliza ongeeni, leo kupanga kabla ya kugusa kungesaidia wapi hapa nyumbani?

Nusu saa inatosha, mara kadhaa kwa wiki, kwa miezi, na sio wakati dawa bado inamlaza. Watoto wakimcheka, watoe nje.

Siku sauti zimepanda acheni kabisa. Akianza kukosa usingizi, kushuku watu au kukataa chakula, hapo sio suala la mazoezi tena, mrudisheni kliniki bila kungoja tarehe ya sindano, na bebeni daftari mnaloandika alichoweza kila wiki, muuguzi aone wiki zilizopita alikuwa anaweza nini na sasa kimebadilika nini.