Ukipima LDR, ipe giza kwanza

Mafundi wa Lamu mnaofunga taa za uani zinazojiwasha magharibi, LDR (kile kipande kinachohisi mwanga: ukinzani wake hushuka penye mwanga na kupanda gizani) iliyokaa juani msiipime papo hapo mkasema imekufa. Ifunikeni (kidole hakitoshi, kinapitisha mwanga; kifuniko cheusi cha kalamu ni bora) mtaona mita inaanza na ukinzani mdogo, kisha namba inapanda polepole kuelekea megaomu (mamilioni ya omu). Hiyo ni nzima.

Kisa ni kadimiamu salfaidi iliyomo ndani. Mwanga hung'oa elektroni na kuacha mashimo, yaani nafasi tupu zilipokuwa. Mashimo hayo hunaswa kwenye kasoro za fuwele, basi elektroni hukosa pa kurudi na huendelea kupitisha umeme hata mwanga ukiondoka. Joto ndilo linaloyatoa mtegoni, kidogo kidogo. Ndiyo maana ukinzani wa gizani unaoandikwa kwenye karatasi za vipimo kwa kawaida hupimwa sekunde 10 baada ya kuondoa mwanga wa luksi 10. Jua la mchana la Shela ni kali mara elfu kadhaa kuliko huo, kwa hiyo ngojeni dakika kadhaa.

Na mkiifunga, isitazamane na taa inayowashwa nayo, maana mwanga wa taa hiyo utaifanya LDR iizime tena. Taa nyingi zinazopepesa usiku, tatizo ni hilo tu.